Mpira wa silikoni ulioimarishwa kwa vijazio

Mpira wa silikoni ni aina ya mpira wa viwandani ambao minyororo ya molekuli zake imeundwa na atomi za silikoni na oksijeni zinazopokezana, badala ya atomi za kaboni kama ilivyo katika mpira wa asili unaotokana na utomvu wa mti. Hubaki laini kuanzia baridi ya takriban −60 °C hadi joto linalozidi 200 °C. Kwa sababu hiyo hutumika katika injini, majiko, nyaya za umeme, vifaa vya hospitali na vyombo vya angani.

Ukiwa peke yake, mpira huu ni dhaifu sana. Karibu kila kifaa cha mpira wa silikoni tunachokutana nacho kina vijazio ndani yake, yaani unga au nyuzi zilizochanganywa na polima kabla haijaivishwa. Baadhi ya vijazio huupa mpira nguvu ya kuvutwa bila kukatika, vingine huchelewesha kuharibika kwake kwa joto la kawaida la kazi, na vingine huamua ni nini kitakachobaki mpira ukikutana na moto wenyewe. Kazi hii ya tatu ndiyo yenye uzito mkubwa, kwa kuwa inahusu ngao za joto za vyombo vya angani na nyaya za taa za dharura katika majengo.

Jina

Katika Kiswahili neno silikoni hubeba maana mbili, jambo linalowachanganya wanafunzi mara kwa mara. Kwanza ni elementi yenye namba atomia 14 na alama Si. Hiyo ni kitu kigumu, chenye kung'aa na rahisi kuvunjika, na ndiyo inayotumika katika chipu za kompyuta na paneli za umeme wa jua. Pili ni familia ya polima zinazotengenezwa kutokana na elementi hiyo: mafuta, gundi na mpira. Hapa elementi itaitwa Si, na polima itaitwa silikoni.

Kitu cha tatu ni silika. Ni oksidi ya Si, fomula yake SiO₂, na ndiyo sehemu kubwa ya mchanga wa mtoni na ya kioo cha dirisha. Silika itatajwa mara nyingi katika makala hii, kwa sababu ni kijazio kikuu cha mpira wa silikoni na pia ni majivu yake.

Historia

Mkemia Mwingereza Frederic Stanley Kipping wa Nottingham alichunguza kampaundi za Si na kaboni kwa miongo kadhaa tangu mwisho wa karne ya 19, na jina la silikoni limetoka kwake. Alitafuta fuwele safi, lakini mara nyingi chombo chake kilibaki na uji wa kunata ambao aliuona kama kero isiyo na faida. Uji huo ndio uliokuja kuwa bidhaa.

Mnamo miaka ya 1930 James Franklin Hyde wa kampuni ya vioo ya Corning nchini Marekani alianza kuutafutia matumizi. Mwaka 1940 Eugene Rochow wa General Electric aligundua njia rahisi ya kupata malighafi yake: kupitisha gesi ya kloridi ya methili juu ya unga wa Si wenye shaba kidogo, kwenye joto la takriban 300 °C. Richard Müller nchini Ujerumani alifikia njia hiyohiyo wakati uleule, bila mmoja kujua kazi ya mwenzake. Kampuni ya Dow Corning ilianzishwa mwaka 1943, na katikati ya muongo huo mpira wa silikoni ulikuwa umeanza kutumika.

Ugunduzi wa pili haukuhusu polima. Mwaka 1942 mkemia Harry Kloepfer wa kampuni ya Degussa nchini Ujerumani, aliyekuwa akitafuta unga mweupe wa kushindana na masizi yanayowekwa katika tairi, alitengeneza silika laini mno kwa kuchoma kloridi ya Si ndani ya mwali wa hidrojeni na oksijeni:

SiCl₄ + 2H₂ + O₂ → SiO₂ + 4HCl

Unga huo huitwa silika ya moshi, kwa kuwa huzaliwa ndani ya mwali kama moshi uzaliwavyo. Bila huo, mpira wa silikoni ungebaki kitu cha maabara.

Silika na nguvu ya mpira

Minyororo ya silikoni huteleza. Atomi za Si na oksijeni hujipinda kwa urahisi, na vikundi vya methili (CH₃) vinavyozizunguka havivutani sana na vya jirani. Ndiyo maana silikoni haigandi upesi kwenye baridi, na ndiyo maana pia haina nguvu. Mpira wa silikoni usio na kijazio hukatika kwa mvuto wa takriban megapaskali 0.4, hivyo ukanda mwembamba unaweza kuukata kwa vidole. Ukichanganywa vizuri na silika ya moshi hufikia megapaskali 10 au zaidi. Mpira wa asili haupati ongezeko la namna hiyo kutokana na kijazio, kwa sababu minyororo yake hujipanga yenyewe inapovutwa na hivyo una nguvu tangu mwanzo.

Siri iko katika ukubwa wa uso. Chembe za mwanzo za silika ya moshi zina kipenyo cha takriban nanomita 7 hadi 40, na gramu moja ya unga huo ina uso wa kati ya m² 50 na m² 400. Gramu yenye m² 200 inapita uwanja wa mpira wa wavu, ambao ni m² 162. Uso wote huo umejaa vikundi vya OH, na kila kimoja kinaweza kushikana na oksijeni ya mnyororo wa silikoni kwa kiungo cha hidrojeni. Kiungo kimoja ni dhaifu. Mamilioni kwa mamilioni ya viungo huugeuza unga na polima kuwa kama kitu kimoja, na ufa unaoanza mahali fulani hukwama kwenye chembe badala ya kupasua moja kwa moja.

Mshikamano huohuo una usumbufu wake. Mchanganyiko ukikaa ghalani kabla ya kuivishwa, viungo huendelea kuongezeka na donge hukakamaa mpaka mashine inashindwa kulikanda. Dawa yake ni kuutuliza kwanza uso wa silika kwa kampaundi kama heksamethilidisilazani, ambayo hubadilisha sehemu ya vikundi vya OH kuwa vikundi vya methili. Ukituliza mno, nguvu inapungua. Ukituliza kidogo, donge linakuwa gumu. Kiasi cha kawaida cha silika ya moshi ni sehemu 20 hadi 50 kwa kila sehemu 100 za polima, kwa uzito.

Silika inayopatikana kwa kuzimua maji ya silikati, iitwayo silika ya mashapo, ni ya bei nafuu zaidi lakini hubeba maji na huimarisha kwa kiasi kidogo. Unga wa kwatzi na daiatomaiti (udongo wa magamba ya mwani wa kale, kama ule unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil nchini Kenya) hutumika zaidi kujaza nafasi na kupunguza gharama. Chembe zake ni kubwa mno kuweza kuushika mnyororo kwa nguvu.

Namna mpira unavyoharibika kwa joto

Kiungo cha Si na oksijeni kinahitaji takriban kJ 450 kwa moli ili kuvunjika, wakati kiungo cha kaboni kwa kaboni kinahitaji takriban kJ 350. Vitabu vingi huishia hapo, kana kwamba hesabu hiyo inatosha kueleza ustahimilivu wa silikoni. Haitoshi, kwa kuwa mnyororo wa silikoni hauhitaji kuvunjika kwa nguvu. Unaweza kujifungua kwa hila. Ncha yake hujipinda, hugusa kiungo cha atomi chache nyuma, hubadilishana nacho mahali, na pete ndogo yenye atomi tatu au nne za Si hudondoka. Pete hizo huchemka chini ya 200 °C, kwa hiyo katika joto la tanuri huruka mara moja kama mvuke. Mnyororo uliobaki hurudia mchezo uleule mpaka uishe.

Hesabu ya kidato cha tatu inaonyesha ukubwa wa hasara hiyo. Kipande kimoja cha mnyororo, (CH₃)₂SiO, kina uzani wa 74. Kikichomwa kikamilifu na Si yake yote ikabaki kama SiO₂, yenye uzani wa 60, majivu yangekuwa asilimia 81 ya mpira. Kikichomwa polepole ndani ya nitrojeni, bila kijazio, karibu chote huondoka kama pete na chombo hubaki kitupu. Kati ya asilimia 81 na sifuri ndipo kazi yote ya vijazio vya moto inapofanyika.

Kujifungua huku huanza kuonekana kwenye 350 °C hivi ikiwa polima ni safi. Asidi au alkali kidogo tu iliyosalia kiwandani hukushusha chini sana, na ndiyo sababu wanaotengeneza mpira wa joto kali ni wakali kuhusu usafi wa kijazio kuliko kuhusu bei yake.

Hewani mambo hubadilika. Oksijeni hushambulia vikundi vya methili, minyororo hufungamana kwa madaraja mapya, na mpira huwa mgumu hadi kupasuka. Hivyo mpira uleule hufa vifo viwili tofauti: kwenye hewa ya wazi hukakamaa, na ukifungiwa mahali pasipo na hewa, hasa penye unyevu, hulainika na kurudi uji. Fundi anayeona kizibo kilicholainika asidhani kwamba ameuziwa bidhaa bandia. Huenda kilibanwa mahali pasipo na hewa.

Vijazio vya joto la kazi

Kwa mpira unaokaa kwenye 200 °C hadi 300 °C kwa muda mrefu, kinachohitajika ni kuzuia shambulio la oksijeni. Oksidi ya chuma (Fe₂O₃), sehemu chache tu kwa sehemu 100 za polima, hunasa radikali huru zinazotokea methili zinaposhambuliwa. Oksidi ya seriamu hufanya kazi hiyohiyo bila kuupa mpira rangi kali. Masizi ya kaboni kidogo na oksidi ya titani husaidia pia. Rangi nyekundu ya mabomba mengi ya silikoni na ya gundi ambayo mafundi wa magari hutumia kuziba sehemu za injini zenye joto inatokana na oksidi ya chuma. Haikuwekwa kama pambo, ingawa siku hizi mtu yeyote anaweza kutia rangi nyekundu ya kawaida katika tyubu, na rangi peke yake haithibitishi kitu.

Platini ni ya ajabu zaidi. Kiasi cha sehemu chache kwa milioni, ambacho mara nyingi kimo tayari kwa sababu platini hutumika kuivisha mpira, hupunguza uwezo wa silikoni kushika moto. Hufungamanisha minyororo wakati wa kuungua, hivyo pete chache hutoroka na silika nyingi hubaki.

Ablesheni

Ablesheni ni kitendo cha kitu kuliwa na moto kutoka upande wa juu huku kikiondoka na joto. Ngao ya ablesheni hutolewa kafara tabaka kwa tabaka ili kilicho nyuma yake kibaki baridi. Mfano wa karibu ni jasho, tofauti ikiwa kwamba mwili hurudishiwa maji, na ngao hairudishiwi chochote.

Mpira wa silikoni uliopigwa na mwali mkali hugawanyika katika tabaka. Ndani kabisa kuna mpira mzima. Juu yake ni eneo ambalo minyororo inafunguka na kunywa joto. Gesi zinazotoka hupenya nje na kuusukuma mwali mbali kidogo na uso. Juu ya eneo hilo ni gamba la silika na kaboni, na usoni kabisa, joto likizidi takriban 1700 °C, silika huyeyuka kuwa ute mzito wa kioo. Joto likipanda namna hiyo penye kaboni, silika na kaboni huungana na kutoa kabidi ya silikoni na gesi ya monoksidi ya kaboni:

SiO₂ + 3C → SiC + 2CO

Mmenyuko huu hunywa joto jingi, na kabidi inayopatikana ni ngumu kuliko vyote vilivyoitangulia.

Udhaifu uko kwenye gamba. Majivu ya silikoni tupu ni unga mweupe kama unga wa sembe. Ni kihami kizuri, lakini upepo wa mwali huupeperusha, na mpira mpya hufunuliwa. Kwa hiyo vijazio vya ablesheni huchaguliwa kwanza kwa namna vinavyolishikilia gamba. Nyuzi fupi za kaboni au za silika hulifunga kama majani yanavyofunga udongo wa tofali. Chembe za kabidi ya silikoni huupa uso ugumu. Misombo ya zirkoniamu huongezwa ili kupata oksidi isiyoyeyuka upesi. Vitufe vya kioo vyenye uwazi ndani hupunguza uzito na kuzuia joto kupita, ila hulifanya gamba kuwa jepesi kubomoka. Kubadilisha baadhi ya methili kuwa fenili kwenye polima yenyewe huongeza kaboni katika majivu.

Kipimo cha kawaida cha maabara ni mwali wa oksijeni na asetilini, uleule wa mafundi wa kuchomelea kwa gesi, unaofika takriban 3000 °C. Sampuli huelekezewa mwali, kisha hupimwa ni milimita ngapi zimeliwa kwa sekunde na upande wa nyuma umepata joto kiasi gani. Ni kipimo cha bei nafuu na chenye manufaa ya kulinganisha, lakini matokeo yake yasichukuliwe kama ahadi ya yatakayotokea penye upepo wa kasi kubwa.

Katika roketi za fueli imara, mpira unaofunika ukuta wa ndani kwa kawaida ni wa aina ya EPDM, wenye mnyororo wa kaboni. Ni mwepesi na hushikana vizuri na fueli. Gesi za roketi hiyo hazina oksijeni ya ziada, hivyo gamba la kaboni hudumu. Katika injini ya ramjeti, inayovuta hewa kutoka nje, oksijeni ipo tele na gamba la kaboni huungua likaisha. Silika haiungui, kwa kuwa imekwisha kuungana na oksijeni. Hapo mpira wa silikoni wenye nyuzi za kaboni na kabidi ya silikoni una nafasi yake.

Matumizi katika vyombo vya angani

Vyombo vya Gemini, vilivyobeba wanaanga wawili wawili wa Marekani mwaka 1965 na 1966, vililindwa na mpira wa silikoni uliomiminwa kama uji ndani ya vyumba vya sega la nyuzi za kioo, kisha ukaiva hapohapo. Sega lilifanya kazi ya kushikilia gamba. Wanaanga wote walirudi salama kutoka kwenye mzingo wa dunia nyuma ya ngao hizo.

Ndege ya majaribio X-15A-2 inaonyesha upande wa pili. Ili iweze kwenda kasi kuliko ngozi yake ya aloi ya nikeli ilivyoweza kuvumilia, ilipakwa silikoni ya ablesheni yenye rangi ya waridi. Kwa kuwa rangi hiyo ingekuwa hatari ikidondokewa na oksijeni ya kimiminika na kugongwa, ilifunikwa na tabaka jingine jeupe la kuziba. Mabaki ya kuungua yangeweza kuufunika ukungu wa kioo cha rubani, hivyo dirisha moja liliwekewa kifuniko kama ukope, lifunguliwe wakati wa kutua. Tarehe 3 Oktoba 1967 William J. Knight aliirusha kwa km 7,274 kwa saa, mara 6.7 ya kasi ya sauti.

Sehemu kubwa ya mwili ilisalimika. Lakini chini ya mkia ilikuwa imefungwa ramjeti ya mfano, na wimbi la mshtuko kutoka kwenye ramjeti hiyo liliangukia bawa la chini. Hapo joto lilizidi mara nyingi lile lililokadiriwa, ablesheni ikaisha, chuma kikatobolewa, na ramjeti ikadondoka kabla ya kutua. Ndege haikuruka tena. Kijazio hakikuwa na kosa, wala polima. Unene wa ngao ulikuwa umekadiriwa kwa joto jingine. Aidha, kazi ya kupaka, kukwangua na kupaka upya kwa mkono kabla ya kila safari ilikuwa kubwa kiasi kwamba njia hiyo haikuendelezwa kwa ndege.

Kwenye Mirihi ilifaa zaidi, kwa sababu huko ngao hutumika mara moja tu. Vyombo viwili vya Viking vilivyotua mwaka 1976 vilitumia SLA-561V, silikoni iliyochanganywa na unga wa koki, vitufe vya kioo na nyuzi, ikajazwa kwenye sega. Ni nyepesi mno, karibu robo ya uzito wa maji. Ilitumika tena kwa Pathfinder (1997), Spirit na Opportunity (2004) na Phoenix (2008). Kwa gari kubwa la Curiosity wahandisi walitaka kuendelea nayo, lakini majaribio ya mwaka 2007 yalionyesha kwamba penye msuguano mkali wa gesi silikoni ilikuwa ikitoweka kwenye vyumba vya sega. Ngao ilibadilishwa na kuwa ya nyuzi za kaboni zenye fenoliki, na Curiosity ikatua salama Agosti 2012. Rekodi ya miaka thelathini bila hitilafu haikuwa kinga, kwa kuwa ilipatikana kwa vyombo vidogo zaidi.

Nyaya zinazobaki hai motoni

Jengo likiungua, taa za njia ya kutokea, kengele na pampu za maji hutegemea nyaya ambazo zenyewe zimo motoni. Plastiki ya kawaida huyeyuka, nyaya hugusana na umeme hukatika, huku watu bado wako kwenye ngazi. Waya uliofunikwa na silikoni hubaki na majivu ya silika kuzunguka shaba. Umeme hupita vizuri mpaka kitu kiutikise: boriti ikianguka au maji ya zimamoto yakipiga, unga hupukutika.

Hapo ndipo vijazio vya kuugeuza mpira kuwa kauri vinapohitajika. Chembe za silika peke yake zingehitaji joto kubwa mno kushikana, na shaba huyeyuka kwenye 1085 °C. Kwa hiyo huongezwa unga wa kioo unaolainika mapema, takriban kati ya 400 °C na 600 °C. Moto unapopanda, kioo hiki hulowanisha silika na bapa za ulanga au sindano za wolastonaiti (silikati ya kalisi), na kadiri joto linavyozidi vyote huungana kuwa gamba gumu kama chungu. Ulanga, ambao wakati wa utawala wa Wajerumani ulichimbwa katika milima ya Uluguru, hufaa kwa kuwa bapa zake hulala sambamba na kuziba nyufa.

Ugumu uko kwenye kioo chenyewe. Vioo vinavyolainika mapema mara nyingi vina sodiamu au potasiamu. Ayoni hizo zikipata joto huhama na kupitisha umeme, na pia alkali huharakisha ule mchezo wa mnyororo kujifungua. Kizidishe, waya utakuwa na gamba zuri lisilozuia umeme.

Kipimo cha Uingereza BS 6387 huuweka waya wenye umeme ndani ya mwali wa 950 °C kwa saa 3. Sampuli nyingine huchomwa kwenye 650 °C kwa dakika 15, kisha dakika 15 nyingine huku ikinyunyiziwa maji, na ya tatu huchomwa kwenye 950 °C kwa dakika 15 huku ikigongwa. Waya unaofaulu kipimo cha kwanza tu ni waya wa maabara. Mnunuzi wa nyaya za hospitali au shule aulize habari za maji na mgongo huo.

Vihami vya umeme wa msongo mkubwa

Matumizi mengine yanahusu cheche. Kwenye ukanda wa bahari chumvi hutanda juu ya vihami vya nguzo za umeme. Ukungu ukiilowanisha, mkondo mdogo hupita, hukausha sehemu ya uso, na cheche huruka juu ya sehemu kavu. Silikoni hufukuza maji, hivyo huchelewesha hali hiyo, lakini cheche zikianza huula mpira kidogo kidogo. Kijazio kinachotumika ni hidroksidi ya alumini. Kuanzia 200 °C hivi huachia maji yaliyofungwa ndani yake, takriban asilimia 35 ya uzito wake, na maji hayo hupoza mahali palipochomwa. Alumina inayobaki husambaza joto. Huwekwa kwa wingi, na mpira hupoteza sehemu ya unyumbufu wake, jambo ambalo kihami kinaweza kulivumilia.

Utengenezaji

Kiwandani polima nzito hukandwa na vijazio kati ya roli mbili za chuma zinazozunguka kwa kasi tofauti, au ndani ya mashine ya kukandia. Silika ya moshi ni nyepesi mno na hutimka, hivyo huingizwa kidogo kidogo. Nyuzi huongezwa mwishoni, kwa kuwa kila mzunguko wa roli huzikata, na nyuzi zilizokatwa mno hazifungi gamba. Kisha huongezwa peroksidi au platini ya kuivisha, na mchanganyiko hubanwa kwenye kalibu yenye joto. Vipande vya kazi ya joto kali hurudishwa tanurini kwa saa kadhaa kwenye takriban 200 °C ili mabaki ya peroksidi na pete zilizosalia ziondoke kabla ya kifaa kuanza kazi.

Kijazio kikizidi, mnato hupanda hadi mchanganyiko haujazi kona za kalibu, na viputo vya hewa hunaswa. Kiputo ndani ya ngao ya ablesheni ni hatari kuliko upungufu wa kijazio, kwa sababu gesi hukusanyika hapo na kulirusha gamba.

Silika ya moshi haina umbo la fuwele na haisababishi ugonjwa wa mapafu wa wachimba migodi, ingawa vumbi lake hukausha koo na ngozi. Silika iliyokaa kwenye joto linalozidi 1000 °C ni jambo tofauti: sehemu yake inaweza kugeuka kuwa fuwele za kristobaliti, ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Wanaobomoa vifuniko vya silikoni vilivyoungua ndani ya matanuri hulowanisha majivu kwanza na huvaa barakoa ya kuchuja vumbi.